Uzi: Ruaha Mkuu haukaushwi na mpunga wa masika, unakaushwa na mabanio yanayoachwa wazi kiangazi

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ifikapo Septemba au Oktoba hapa jukwaani huletwa picha za viboko waliobanana ndani ya dimbwi la tope katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini ya picha hizo hufuata mashauri yaleyale ya mwaka uliopita: wafugaji waondolewe, wakulima wa Mbarali waondolewe, miti ipandwe, bwawa lijengwe. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu mashauri hayo huchanganya matatizo mawili ambayo hayana undugu wa karibu, yaani kukauka kwa mto ndani ya hifadhi na kupungua kwa maji katika Bwawa la Mtera, la umeme, lililo chini ya hifadhi. Kwa kuwa tumeyachanganya kwa zaidi ya miaka thelathini, nguvu kubwa imetumika mahali ambapo maji yanayotafutwa hayapo.

Nianze na umbile la bonde lenyewe, maana bila kulielewa hatutafika mbali. Mto Ruaha Mkuu hupata maji yake ya juu kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, ambako mvua hufikia milimita 1,600 kwa mwaka. Chini yake ni tambarare za Usangu, ambako mvua ni kati ya milimita 600 na 800 tu, ilhali jua la huko lina uwezo wa kuvukiza takribani milimita 1,900 kwa mwaka. Mito inayoteremka bila kukatika mwaka mzima ni michache: Ruaha wenyewe, Kimani, Chimala, Mbarali na Ndembera. Mingine, kama Mkoji na mingi midogo iliyo magharibi, hutiririka wakati wa mvua na kisha kubaki makorongo makavu. Maji yote hayo hukusanyika katika ardhioevu ya Usangu, na sehemu ya mashariki ya ardhioevu hiyo ndiyo tuiitayo Ihefu.

Ihefu ina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni Ng'iriama, ambapo kuna kizingiti cha mwamba. Lichukulie bonde hilo kama karai lenye mdomo ubavuni: maji yakishuka chini ya mdomo, hayatoki hata tone, ijapokuwa ndani ya karai bado yamejaa tele. Ndiyo maana mtu anayesimama katikati ya Ihefu mwezi wa Oktoba anaweza kuona maji, majani mabichi na ndege, wakati mwenzake aliye ndani ya hifadhi, chini ya Ng'iriama, anaona tembo wakichimba mchanga kwa mikonga kutafuta maji. Wote wawili wanasema kweli.

Mto ulikatika kwa mara ya kwanza ndani ya hifadhi katika kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la karibu kila mwaka, mara nyingine kwa wiki chache, mara nyingine kwa miezi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza mjini London kwamba serikali ingehakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na mto uliendelea kukatika.

Sasa naomba tufanye hesabu, na asiyependa hesabu avumilie kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha hoja yangu. Utafiti wa kihaidrolojia uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu ardhioevu ya Usangu ulionyesha kwamba, ili mita za ujazo 0.5 kwa sekunde zitoke Ng'iriama kiangazi chote, yanahitajika maji yapatayo mita za ujazo 7 kwa sekunde kuingia katika ardhioevu. Tofauti hiyo kubwa huliwa na jua na mimea ya Ihefu. Wakati utafiti huo unafanyika, mabanio ya juu, yaani vizuizi vya mtoni vinavyogeuzia maji kwenye mifereji ya mashamba, yalikuwa yakichukua takribani mita za ujazo 4.25 kwa sekunde katika kiangazi, na ili lengo lifikiwe yalitakiwa kuchukua 1.25 tu. Kwa maneno mengine, zilikuwa zikitafutwa mita za ujazo 3 kwa sekunde. Kwa siku 150 za kiangazi, hiyo ni mita za ujazo milioni 39 hivi.

Milioni 39 zinasikika kuwa nyingi mpaka uzipeleke Mtera. Bwawa la Mtera likijaa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600 na linahifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Likijaa, na jua likilinyonya mita mbili za kina kwa mwaka, jambo ambalo ni la kawaida kwa ukanda ule mkavu wa kati ya Dodoma na Iringa, mvuke peke yake ni mita za ujazo bilioni 1.2. Tuseme halijai kila mwaka, tukate hesabu hiyo nusu. Bado ni milioni 600. Maji yote yaliyokuwa yakigombaniwa kiangazi huko Usangu hayafikii hata sehemu ya kumi ya kile ambacho jua huchukua juu ya Mtera. Kwa hiyo anayesema kwamba umeme ulikatika kwa sababu mkulima wa Igurusi huko Usangu alimwagilia vitunguu mwezi wa Agosti, anasema jambo ambalo tarakimu zinalikataa.

Na lawama hiyo ilitolewa, kwa sauti kubwa, wakati wa migao ya umeme ya miaka ya 1990 na tena mwaka 2006. Mtera lilijengwa kuwa ghala la maji ya Kidatu, ambako mitambo, ambayo baadaye ilifikia uwezo wa megawati 204, ilikuwa imeanza kazi katikati ya miaka ya 1970. Mitambo ya Mtera penyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito mingine inayoingia, ukiwemo Lukosi, na bwawa la Kidatu ni dogo. Ikiwa Mtera litafunguliwa kuzalisha umeme wakati mito hiyo ya kati imefurika, maji yanafika Kidatu, yanakuta bwawa limejaa, yanamwagika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Uingereza waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona kwamba namna ya kuyaendesha mabwawa hayo mawili ilihusika na upungufu wa umeme kuliko wakulima wa juu walivyohusika. Lakini kumlaumu mkulima ni rahisi zaidi kuliko kumhoji anayeshika funguo za bwawa, na mfugaji ni rahisi zaidi hata kuliko mkulima.

Wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuelekea Lindi, Pwani na kwingineko. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kama ng'ombe ndio waliokuwa wakiukausha mto, basi mto ungerudi. Haukurudi. Nadhani jambo hili peke yake lingetosha kutufanya tubadilishe mawazo, ila nchi yetu ina kipaji cha kurudia dawa ambayo haikuponya.

Turudi kwenye mabanio. Wakati wa masika, mito inapofurika, mashamba ya mpunga ya Usangu, ambayo katika miaka ya mvua nzuri huvuka hekta 40,000, huchukua maji mengi sana, na kuyachukua huko kunapunguza kinachofika Mtera kwa kiasi fulani, sikatai. Lakini mto wakati huo haukatiki. Unakatika kiangazi, wakati mto mzima kama Chimala umepungua kiasi kwamba banio moja zuri linaweza kuumeza wote. Kwa hiyo swali la maana kwa hifadhi ni hili: nani bado amefungua banio kati ya Julai na Novemba, na kwa nini?

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni mpunga wa kuwahi. Mkulima anayeandaa vitalu na kulainisha majaruba mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, huvuna mapema na kuuza wakati bei iko juu. Kumwambia asubiri Desemba ni kumwambia auze pamoja na kila mtu. Ya pili ni mboga, vitunguu na maharage. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu: vijiji vingi vya tambarare hutegemea mfereji uleule wa shamba kwa maji ya kunywa, kupikia, kufua na kunyweshea mifugo. Banio haliwezi kufungwa kwa sababu akina mama wanachota humo.

Tazama hasara yake. Kijiji cha watu 3,000, kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku kilichowekwa na Sera ya Maji ya mwaka 2002, kinahitaji lita 75,000 kwa siku, ambayo ni chini ya lita moja kwa sekunde. Mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa hauwezi kufikisha lita moja. Itazama ardhini kabla ya kufika kwenye nyumba ya kwanza. Ili lita hiyo moja ifike, lazima ufungue makumi ya lita, pengine zaidi ya mia, na zilizobaki zinapotea njiani au kuishia kwenye matete ya mkiani. Hata vijiji 100 vya ukubwa huo vinahitaji lita zisizozidi 90 kwa sekunde, wakati maji tunayotafuta kuyarudisha mtoni ni lita 3,000 kwa sekunde. Sisemi kwamba pengo lote hilo limefichwa katika maji ya ndoo. Nasema kwamba kisima kirefu cha kijiji, ambacho tunakihesabu kama huduma ya jamii, ni mojawapo ya kazi za uhifadhi wa mto zilizo rahisi kuliko zote, kwa kuwa ndicho kinachompa mtu ruhusa ya kweli ya kufunga banio.

Yapo mambo mawili ambayo yalifanywa kwa nia njema na yakaharibu. Mabanio ya jadi yalikuwa ya miti, mawe, majani na udongo. Yalivuja, na mafuriko makubwa yaliyabomoa, hivyo mto ulipata fungu lake bila mtu kuugawia. Wafadhili na serikali wakayaita hafifu, wakajenga ya zege yenye mageti. Banio la zege halivuji. Mwezi wa Septemba linaweza kuchukua mto wote, na geti lililokusudiwa kupunguza maji linabaki wazi kwa sababu hakuna anayelazimika kulifunga. Pili, haki za maji zilizotolewa chini ya sheria ya mwaka 1974 ziliandikwa kwa lita kwa sekunde, kiasi kimoja mwaka mzima, na zikalipiwa ada. Aliyelipia anaamini amenunua lita zake, hata katika mwezi ambao mto mzima hauna lita hizo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilibadilisha mfumo kuwa wa vibali, lakini fikra ya kwamba nimelipa kwa hiyo ni yangu haijafutwa na sheria.

Kati ya juhudi zote zilizofanyika Usangu, iliyonivutia zaidi ni ndogo kuliko zote. Watafiti wale wa Sokoine na Uingereza walitengeneza ubao mrefu wa mbao uliochongwa mkondo katikati, ukiwa umeinamishwa, na kando ya mkondo matundu yanayowakilisha mashamba. Gololi za kioo zilimwagwa juu kama maji, na wanakijiji walichomeka vijiti kukinga gololi ziingie katika matundu yao. Wa juu walishiba, wa chini walibaki wakitazama ubao mtupu. Kisha viti vikabadilishwa, mtu wa juu akakaa chini. Mimi sijui mkutano wa hadhara ambao ungeweza kumfundisha mtu jambo hilo haraka kiasi hicho.

Pendekezo langu ni fupi: kila kijiji kinachochota katika mfereji kipate kisima kabla ya jambo lolote jingine, vibali vya maji viwe na kiasi cha masika na kiasi cha kiangazi, na mabanio makubwa, yakiwemo ya mashamba makubwa, yaanze kufungwa kabla ya yale ya wanyonge. Umeme tuuondoe katika mjadala huu.

Naomba kuwasilisha.

MkiaWaMfereji

Mleta mada, heshima yako. Umeandika kama mtu anayeijua Mbarali, lakini naomba nikupe upande wa sisi tunaolima mkiani.

Banio letu lina geti la chuma lenye usukani wa kuzungusha. Kamati iliamua usukani ufunguliwe na kuwekwa nyumbani kwa mwenyekiti, na geti lifungwe kwa kufuli, ili zamu iheshimiwe. Likafungwa. Asubuhi tukakuta mtu amepasua tuta la mfereji mita chache juu ya geti, akaweka mifuko ya mchanga mtoni, maji yanapita ubavuni kwa raha zao. Tuliziba, usiku uliofuata pakapasuliwa pengine. Wakati wa vitalu watu hulala mferejini na tochi, na si kwa kupenda. Kwa hiyo ukisema mabanio yafungwe Julai, uliza kwanza nani atalala pale mpaka Novemba.

Jambo la pili ni imani. Baada ya hifadhi kupanuliwa, vijiji vilivyokuwapo kabla vilijikuta ndani ya mpaka, na kwa miaka mingi hatukujua kama msimu ujao tungelima au tungehamishwa. Mradi mkubwa wa utalii wa kusini uliokuwa na fungu la kuboresha maji ya Ruaha ulisimamishwa na Benki ya Dunia mwaka 2024 na kufutwa mwaka huohuo, kwa sababu ya malalamiko hayohayo ya wananchi. Mtu asiye na uhakika wa kuwapo mwakani hawezi kuweka akiba ya maji kwa ajili ya kiboko. Atachukua leo.

Na vitunguu vya Agosti unavyovitaja kwa wepesi ndivyo vinavyolipa ada ya shule ya Januari.

Mleta mada

Ndugu MkiaWaMfereji, nashukuru, na hoja ya vitunguu naikubali ilivyo. Bustani ya kiangazi haitumii maji mengi yenyewe. Kinachotumia ni safari ya maji hadi bustanini. Robo eka ya vitunguu inayomwagiliwa kutoka kisima kifupi na pampu ndogo, pale ambapo maji ya ardhini hayako mbali, inachukua sehemu ndogo sana ya kile ambacho mfereji ungepoteza njiani. Kwa hiyo sipendekezi kiangazi bila bustani, napendekeza bustani zisogee karibu na maji yake.

Kuhusu kulala mferejini, nadhani umegusa kwa nini jumuiya za watumia maji zimefanikiwa baadhi ya mito na kushindwa mingine. Zilizofanikiwa ni zile zinazounganisha mto mmoja mdogo kuanzia juu hadi chini, kiasi kwamba aliyepasua tuta anajulikana kwa jina na analima karibu na shemeji yake. Jumuiya iliyochorwa kufuata mipaka ya kata, wakati mto haufuati mipaka ya kata, inabaki mhuri na leja.

Juu ya mipaka ya hifadhi sina la kupinga. Nitaongeza tu kwamba kuhamisha vijiji kwa ajili ya mto, bila kwanza kufunga mabanio makubwa yaliyo juu yake, ni kuanza na mtu dhaifu.

Kinyungu

Mkuu, mbona umeruka nyanda za juu? Sisi wa huku Njombe na Iringa tunalima vinyungu kwenye mabonde tangu enzi za mababu, maharage na mahindi mabichi ya kiangazi, na sasa viazi. Kila anayekuja na semina anatuambia sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa, lakini bonde lenyewe lina upana wa mita 40. Mita 60 ziko wapi? Na wakati tunakatazwa mahindi, mikaratusi imepandwa hadi kwenye jicho la chemchemi, na hakuna anayeleta semina kwa mikaratusi.

Mleta mada

Ndugu Kinyungu, nimeruka kwa sababu ya urefu, si kwa dharau. Mita 60 zimo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ni kweli kwamba kipimo kimoja kwa mto Rufiji na kwa kijito cha Makete ni kipimo kilichoandikwa mbali na kijito.

Mikaratusi kwenye chemchemi ni kosa la wazi. Mti unaokua haraka na wenye mizizi mirefu hunywa maji kwa haraka vilevile, na kiangazi ndicho kipindi ambacho mizizi hiyo huyafuata maji ya chini wakati majani ya kawaida yamekauka. Kauli ya panda miti okoa maji inahitaji kuulizwa mti gani na wapi. Kinyungu kisicho na mfereji mkubwa, kinachotumia unyevu uliobaki kwenye udongo, kwa maoni yangu kina madhara madogo kuliko shamba la mikaratusi lililo juu yake, ingawa kwa viazi vinavyomwagiliwa kwa pampu siku hizi siwezi kusema hivyohivyo.

Mizania

Nimefuatilia hesabu zako na sioni kosa kubwa, ila nina maswali mawili. Kwanza, bwawa la Lugoda kwenye Mto Ndembera limezungumzwa kwa miaka mingi kama dawa ya Ihefu. Ikiwa zinahitajika mita za ujazo milioni 39 tu, kwa nini tusihifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi, tukaachana na kufukuzana mifereji? Pili, Bwawa la Julius Nyerere sasa linazalisha. Je, hilo halibadilishi kabisa umuhimu wa Ruaha?

Mleta mada

Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Mitambo tisa ya Julius Nyerere ina uwezo wa megawati 2,115; Mtera na Kidatu kwa pamoja zina 284. Na katika maji ya Rufiji, fungu kubwa kabisa, zaidi ya nusu, linaletwa na Kilombero. Ruaha Mkuu huleta kama asilimia 15. Kwa hiyo ndiyo, linabadilisha. Ile sababu ya umeme iliyotumiwa kuwabana watu wa Usangu kwa miongo mitatu imepungua uzito, na kwa mtazamo wangu ni wakati Mtera liendeshwe kwa kuwafikiria pia wavuvi wa pale na mto ulio chini yake, badala ya kukamuliwa mpaka kina cha mwisho kila mwaka mbaya.

La Lugoda ni gumu. Kimaumbile linawezekana, na Ndembera una faida moja: unaingia upande wa mashariki, karibu na Ihefu, hivyo maji yake hayapiti kwanza Utengule, ardhioevu ya upande wa magharibi, na kuliwa na jua huko. Hofu yangu ni ya kibinadamu. Maji yatakayoachiwa Agosti yatapita mbele ya mashamba ya Madibira na ya wengine kabla ya kufika Ihefu. Tumeona kwa banio la zege kwamba ukimletea mtu maji ya uhakika wa kiangazi, atapanua shamba kwa kiasi cha uhakika huo, na miaka kumi baadaye tutakuwa na bwawa, mashamba mapya, na picha zilezile za viboko. Bwawa hilo likijengwa, fungu la mto liandikwe katika kibali kabla ya zege la kwanza, na kipimo cha kuthibitisha kisiwe mlangoni pa bwawa, kiwe Ng'iriama. Kinachoachiwa bwawani hakina maana kwa hifadhi, kinachovuka kizingiti ndicho chenye maana.

Mizania

Nimekuelewa. Basi ubao wa kupimia kina cha maji pale Ng'iriama usomwe kila wiki kiangazi na usomaji utangazwe redioni Mbeya na Iringa, kama yanavyotangazwa matokeo ya mpira. Ndipo kila mtu ataona banio lililofungwa limeleta nini.

MkiaWaMfereji

Hilo la redio tutalipenda, hasa likitaja na mashamba makubwa. Lakini visima, mleta mada. Kwetu kilichimbwa kimoja, pampu ikaharibika, tukarudi mferejini. Nani anatengeneza?

Mleta mada

Kwa sheria ya mwaka 2019, visima vya vijijini viko chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku uko kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo hukusanya fedha za ndoo na kulipia matengenezo. Mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Wote ni wizara moja, ila ni mafungu mawili ya fedha. Kisima chenu kikifa, upande wa RUWASA inaandikwa kwamba watu kadhaa wamekosa huduma. Upande wa bonde haiandikwi popote kwamba banio limefunguliwa tena na lita mia zimeondoka mtoni. Ningekuwa na nafasi ya kuishauri bodi ya bonde, ningeiomba sehemu ya ada za vibali inazokusanya ziende kwenye vipuri vya pampu za vijiji vilivyo kando ya mabanio, kwa masharti kwamba pampu ikiwa nzima, usukani wa geti ubaki kwa mwenyekiti kuanzia Julai. Gharama ya vipuri hivyo ni ndogo kuliko operesheni moja ya kuhamisha watu.

MkiaWaMfereji

Kwa masharti hayo, na mashamba makubwa yakitangulia, mimi nitausimamia usukani huo mwenyewe.